Pima Mkono wa Pili

Wasee, leo hakuna vichekesho. Wale mnanifuata kwa sababu ya zile video za makanga na mama mboga, mtanisamehe, tutarudi huko wiki ijayo. Leo nataka kujibu swali ambalo mmeniuliza tangu nianze hii kazi: "Kwani uliacha kampasi kwa nini?"

Huwa najibu na mzaha. Nasema hesabu zilinikataa, ama nasema mimi na lekcha ya saa mbili asubuhi hatukuwahi kuelewana. Mnacheka, tunaendelea. Lakini ukweli ni kwamba niliacha kampasi kwa sababu ya mshipa mmoja wa damu. Si wangu. Wa Baba.

Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kariobangi. Mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma, kama umewahi kununua geti upande huo labda limepitia mikononi mwake. Huniita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Hata nikiwa na miaka minne alikuwa ananisalimia na heshima zote, "Mama, umeamkaje?" Mkae mkikumbuka hiyo, itarudi.

Ilikuwa Aprili 2023, Jumanne, mvua ya usiku imeacha matope kila mahali. Mimi niko mwaka wa pili, kozi ya uhasibu. Saa tano asubuhi Baba na kijana wake wa kazi walikuwa wanainua geti walipakie kwa mkokoteni. Geti likafika kifuani, na hapo hapo kitu kikampasua katikati ya mgongo. Baadaye alinieleza hivi: "Ni kama mtu amewasha grainda nyuma yangu, akaanzia mabegani akishuka." Hakuanguka. Aliweka geti chini vizuri, kwa sababu ni la mteja, halafu akakaa kwenye tairi kuukuu na jasho likaanza kumtoka kama mtu aliyemwagiwa maji.

Wakampeleka na nduthi hadi kliniki ya karibu. Sitaitaja, na utaona kwa nini si muhimu kuitaja. Wakamuuliza umekula nini asubuhi. Chai na mandazi. Una historia ya vidonda vya tumbo? Akasema ndiyo, kila mtu mtaani ana historia ya vidonda vya tumbo. Basi wakasema ni asidi na gesi, na pengine amevuta msuli. Sindano ya maumivu, vidonge vya tumbo, enda upumzike.

Akanipigia simu. Na mimi, msomi wa familia, unajua nilimwambia nini? "Baba, chukua Eno, utapata nafuu." Nikarudi kwa simu yangu kuangalia video. Hiyo sentensi nimeibeba hadi leo. Kwa hivyo mkiniona siwalaumu sana wale wa kliniki, ni kwa sababu mimi pia nilikuwa kliniki siku hiyo. Nilitibu kwa simu, na dawa yangu ilikuwa soda ya unga.

Jioni nilipofika nyumbani, maumivu yalikuwa yamehama. Hayakuwa tena mabegani, yalikuwa yameshuka kiunoni na tumboni. Alikuwa anatembea kwa nyumba, kutoka mlango hadi kwa jiko, kutoka jiko hadi mlangoni, hawezi kukaa, hawezi kulala. Mathe alikuwa ushago, mazishi ya jirani. Ni mimi na ndugu yangu mdogo tu. Saa saba usiku nikamsikia anaita, "Mama. Mama." Niliamka, lakini nikasimama kidogo mlangoni kwa sababu sikujua ni nani anaitwa. Ni mimi, ama ni mama yake, ambaye tulimzika nikiwa darasa la tano? Hapo ndipo niliogopa kabisa. Tukaita teksi.

Kwenye hospitali kubwa tuliyofika saa nane usiku, foleni ilikuwa hadi nje. Wakampima umeme wa moyo, karatasi ikatoka na milima yake midogo, wakasema haionyeshi kitu kikubwa. Presha iko juu, lakini ana maumivu, lazima iwe juu. Nikasikia wakizungumza kuhusu mshtuko wa moyo, na kama aanzishiwe dawa za kufanya damu iwe nyepesi wakisubiri majibu ya maabara.

Halafu akaja daktari mmoja msichana, bado yuko kwenye mafunzo, nadhani ananishinda miaka mitatu au minne tu. Macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakuanza na tumbo wala kifua. Alimuuliza Baba swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza tangu asubuhi: "Mzee, haya maumivu yalianza polepole, ama yalikuja mara moja?"

Baba akajibu, "Mara moja. Geti lilikuwa hapa," akaonyesha kifua.

"Na yakiwa makali hivi tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Sijawahi kuona kitu kama hii."

"Yamekaa mahali pamoja?"

"Hapana. Yanatembea."

Akanyamaza. Akachukua ile mashine ya presha akaifunga kwenye mkono wa kulia: 198 kwa 112. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kuona kikifanywa kwa mtu yeyote. Akaifungua, akazunguka kitanda, akapima mkono wa pili. 151 kwa 94.

Mtu huyo huyo, dakika hiyo hiyo, mkono mmoja una presha ya 198 na mwingine 151. Akapima tena kuhakikisha, akashika vidole vya Baba pande zote mbili akisikiliza mpigo, halafu akatembea haraka. Hakukimbia, lakini ilikuwa ile kutembea ya daktari ambayo inakuambia kuna shida. Nilimsikia akisema, "Zile dawa za damu msimpe. Nataka skani kwanza."

Sasa wacha niwaeleze kilichokuwa kinaendelea ndani ya Baba, vile nilielezwa na daktari bingwa wa moyo na mishipa asubuhi yake.

Aota ni mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Unatoka juu ya moyo, unapinda kama mpini wa mwavuli, halafu unashuka mbele ya uti wa mgongo hadi tumboni, ambapo unagawanyika kuelekea miguu yote miwili. Pale mwanzo upana wake ni karibu sentimita 3. Ukiwa umetulia, moyo husukuma karibu lita 5 za damu kwa dakika moja, na zote hupitia hapo. Yaani mtungi wa lita 20 ungejaa kwa dakika 4 tu. Mchana na usiku, bila likizo.

Ukuta wa huo mshipa una tabaka 3. Fikiria koti lenye bitana. Ushawahi kuweka shilingi kwenye mfuko wa koti, mfuko una tundu ndani, shilingi ikapotelea kwenye bitana? Unaisikia iko huko chini lakini huwezi kuitoa. Hicho ndicho kilimpata Baba. Tabaka la ndani lilichanika, damu ikaingia kati ya tabaka na tabaka, na kwa kuwa inasukumwa na presha kali, ikaendelea kujichimbia njia yake kuelekea chini. Ndiyo maana maumivu yalikuwa "yanatembea". Yalikuwa yanafuata mpasuko. Na kila mahali hiyo bitana ilipofura, iliweza kubana midomo ya mishipa mingine, ule wa mkono wa kushoto, ule wa figo, ile ya miguu. Mkono wa kushoto ulikuwa na presha ya chini kwa sababu damu haikuwa inaufikia vizuri.

Madaktari hugawanya mpasuko huu mara mbili. Ukigusa sehemu ya aota inayopanda kutoka moyoni, huitwa aina A, na hapo hakuna kungoja, ni upasuaji wa dharura. Vitabu vya udaktari viliandika kwa miaka mingi kwamba bila matibabu, katika siku mbili za kwanza, asilimia 1 hadi 2 ya wagonjwa hao hufariki kila saa. Si kila siku. Kila saa. Ukianzia baada ya mshipa wa mkono wa kushoto na kushuka chini, ni aina B, na wengi hutibiwa kwa dawa kwanza, isipokuwa kiungo kimekosa damu au mshipa unatishia kupasuka.

Ile dawa ya kufanya damu iwe nyepesi ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye mshtuko wa kawaida wa moyo. Kwa mtu ambaye mshipa wake unachanika, inaweza kummaliza. Dalili zinafanana, dawa zinapingana. Sasa unaelewa kwa nini yule daktari alitembea vile.

Skani ilikuwa ya CT, ile ya kudungwa rangi kwenye mshipa ili damu ionekane kwa picha. Walitaka KSh 18,000 kwanza. Kadi ya NHIF ya Baba ilikuwa imekufa, kwa sababu ile KSh 500 ya kila mwezi alikuwa ameacha kulipa tangu Novemba akisema biashara ikichangamka atarudia. Mimi nilikuwa na KSh 32,000 kwa simu. Unajua zilikuwa za nini? Karo ya semesta. Nilikuwa nilipe Ijumaa.

Hakuna muziki wa huzuni hapo, wasee. Sikufikiria hata sekunde mbili. Niliweka namba ya siri nikalipa. Naandika hivi kwa sababu watu hupenda kuniambia nilijitolea mhanga. Hapana. Mtu yeyote kati yenu angelipa.

Picha ikaonyesha aina B. Mpasuko unaanzia karibu na mshipa wa mkono wa kushoto, unashuka hadi tumboni. Figo zote mbili bado zinapata damu. Hakupasuliwa. Walimweka ICU, wakampa dawa za maumivu na dawa za kuingia kwa dripu, mashine ikisoma moyo wake mfululizo. Hesabu yao ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufikia: moyo upige chini ya mara 60 kwa dakika, na ile namba ya juu ya presha ishuke hadi kati ya 100 na 120. Kila pigo la moyo ni nyundo inayogonga mahali palipochanika. Hauwezi kushona usiku huo, basi punguza nyundo.

Alikaa ICU siku 6 na wodini wiki mbili. Bili ilifika KSh 460,000. Tulichanga. Kikundi cha WhatsApp, mafundi wenzake wa Kariobangi, kanisa, mteja wa lile geti akatuma 5,000 na akasema geti alichukue mwezi ujao. Mimi nikashika karakana, nikijifunza kuandikia wateja risiti na kudai madeni, na jioni nikaanza kurekodi vichekesho kwa simu kwa sababu nilikuwa nahitaji kucheka. Semesta ikapita, nyingine ikapita. Hiyo ndiyo hadithi ya kuacha kwangu kampasi. Haina kiburi na haina aibu.

Sasa turudi kwa usiku ule nikiwa nje ya ICU, simu iko na chaji ya asilimia 9. Nilikuwa na hasira na ile kliniki. Nilikuwa nimeshaandika kichwani posti ya kuwaanika: jina, picha ya jengo, kila kitu. Nikaanza kusoma ili niwachome vizuri. Na kusoma kukanizima.

Kuna mwandishi wa muziki wa jukwaani alikuwa anaitwa Jonathan Larson. Kama umeona filamu ya tick, tick... BOOM! ya 2021, ile Andrew Garfield ameigiza, ni huyo. Alikuwa New York, si mtaani kwetu. Januari 1996 alishikwa na maumivu ya kifua. Alienda kwenye vyumba vya dharura vya hospitali mbili tofauti ndani ya siku chache. Moja ikamwambia ni sumu ya chakula, nyingine ikamwambia ni homa ya virusi. Akarudishwa nyumbani mara mbili. Alifariki kwake alfajiri ya Januari 25, akiwa na miaka 35, siku ambayo mchezo wake wa Rent ulikuwa uonyeshwe kwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji. Aota yake ilikuwa imechanika.

New York. Mji wenye skani nyingi kuliko sisi tutakazowahi kuhesabu. Mashine zilikuwa pale pale, labda mlango wa tatu upande wa kushoto. Kilichokosekana ni mtu mmoja kushuku.

Hapo ndipo posti yangu ya hasira ilikufa, na hii ikaanza kuzaliwa. Kwa sababu sisi Wakenya tukizungumza kuhusu afya tunazungumza kuhusu mashine. Kaunti fulani imeletewa skani, gavana amekata utepe, tumepiga picha. Na ni kweli, tunazihitaji, na tunahitaji madaktari bingwa wengi zaidi wa kupasua moyo na mishipa, kwa sababu walioko ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Siwezi kubisha hapo. Lakini daktari bingwa hutibu aliyefikishwa kwake. Kati ya tairi kuukuu la Kariobangi na meza ya daktari bingwa kuna watu wengi: mwenzako wa kazi, afisa wa kliniki, muuguzi, na mtoto wa kike aliye na simu mkononi anayesema kunywa Eno. Mmoja wao akikosa kuuliza, skani ya mamilioni inabaki kumulika hewa.

Na kuuliza hakuhitaji digrii, mimi ni ushahidi. Ni maswali matatu. Yalianza ghafla? Ni makali kupita yote uliyowahi kuyaona? Yanapasua, au yanasafiri kutoka kifuani kwenda mgongoni au tumboni? Vidonda vya tumbo hukusumbua, vinakuja na kuondoka, vinajua saa zako za kula. Msuli uliovutika una mahali pake. Lakini maumivu yanayokuja mara moja yakiwa yameshafika kilele, kama mlango uliopigwa teke, hayo si ya kulala nayo. Hapo unaenda hospitali yenye skani, na unasema kwa heshima, "Daktari, yalianza ghafla, na yako mgongoni. Tafadhali mpime mikono yote miwili."

Kwa heshima, nimesema. Msije mkaenda kupigana na wauguzi mkisema mmetumwa na mimi. Maumivu mengi ya kifua si haya, ugonjwa huu si wa kila siku, na ndiyo maana hupotea kati ya mengine. Na mjue pia kwamba mikono ikilingana haimaanishi uko salama, kuna watu aota imechanika na presha ya mikono iko sawa. Mkono wa pili hautoi hukumu. Unaamsha tu shaka, na skani ndiyo hutoa hukumu.

Kitu kingine. Baba aliambiwa ana presha mwaka 2021, kwenye kambi ya matibabu ya kanisa. Akapewa vidonge. Akameza miezi mitatu, akajisikia poa, akaacha. "Nimepona," alisema. Presha haiumi, hiyo ndiyo shida yake. Inakaa na wewe kimya kama mpangaji asiyelipa, huku inakwaruza ukuta kila siku. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, karibu mtu mzima 1 kati ya 4 hapa Kenya alikuwa na presha iliyo juu, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hawajawahi! Na presha ya miaka mingi isiyotibiwa ndiyo huonekana mara nyingi kuliko kitu kingine chochote nyuma ya mpasuko wa aota.

Najua unafikiria hii ni stori ya wazee. Wacha nikuharibie hiyo raha. Kuna watu huzaliwa na ukuta dhaifu wa aota. Kuna hali inaitwa Marfan, ambayo huwafanya wengi wawe warefu, mikono mirefu, vidole virefu vyembamba, macho mabovu. Flo Hyman alikuwa nyota wa voliboli wa Marekani, urefu wa mita 1.96, medali ya fedha ya Olimpiki ya 1984. Januari 1986 alianguka kwenye mechi huko Japani na akafa akiwa na miaka 31. Alipochunguzwa ndipo ikajulikana ilikuwa aota, na kwamba alikuwa na Marfan. Ndugu yake akapimwa kwa sababu hiyo, akakutwa na hali hiyo hiyo, akafanyiwa upasuaji kabla yake kupasuka. Kifo cha dadake kilimwokoa. Na mwaka 2014, Isaiah Austin, mchezaji wa vikapu wa chuo cha Baylor, aligunduliwa kuwa na Marfan siku chache tu kabla ya kuchaguliwa kuingia NBA. Ndoto yake ikaishia hapo, lakini yuko hai. Ongeza hapo kokeini, ambayo hupandisha presha kama lifti na imechana aota za vijana wengi wenye miili ya nguvu.

Hizo sehemu za aota zilizoharibika, siku hizi hubadilishwa kwa bomba la kitambaa. Daktari aliyefanya hiyo kazi ijulikane, Michael DeBakey wa Houston, alifunzwa kushona na mama yake akiwa mtoto. Miaka ya 1950 alienda dukani kutafuta nailoni, akakuta imeisha, akanunua kitambaa kingine kipya kilichoitwa Dacron, akakaa kwa cherehani akashona mabomba ya kwanza mwenyewe. Halafu Desemba 31, 2005, akiwa na miaka 97, aota yake mwenyewe ikachanika. Februari 2006 alipasuliwa akawekewa bomba, akaishi miaka mingine miwili na zaidi. Nilimsomea Baba hiyo stori wodini. Akacheka hadi mashine ikalia na muuguzi akaja kutuangalia. "Kumbe daktari mkubwa ni fundi tu," akasema. "Ameona chuma kimeisha dukani, akatumia kilichoko."

Baba yuko. Anameza vidonge vinne kila siku, alama nimemchorea kwa kalenda ya ukutani. Bitana yake bado imechanika, haikujirudi, kwa hivyo anapigwa skani kila mwaka kuangalia kama imefura, na ikifura watamwekea stenti kupitia mshipa wa paja. Hainui mageti tena. Anakaa kwa stuli anaelekeza vijana, na anawasumbua kuliko alivyowasumbua zamani. Amejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mchango ni mimi humlipia, kabla ya kununua bando. Mashine ya presha tunayo nyumbani. Kila Jumapili baada ya chai anakunja mikono yote ya shati bila kuambiwa, kulia, kushoto, halafu ananiuliza, "Mama, wanasemaje leo?"

Kwa hivyo ombi langu leo si ulike wala usambaze. Ukienda nyumbani wikendi hii, mpime mzazi wako. Maduka mengi ya dawa hupima kwa hela kidogo, mengine bure. Omba wapime mikono yote miwili. Namba zikipita 140 kwa 90, usimwache akuambie amepona. Tofauti ya mikono ikiwa zaidi ya 10 na inarudia, mwambie daktari. Ikiwa ni kubwa zaidi na kuna maumivu yaliyokuja ghafla, usiongee, enda.

Jambo la mwisho. Daktari bingwa alituambia watoto na ndugu wa mgonjwa wa aota wapimwe pia, kwa ile mashine ya picha ya mawimbi, ile ya kupaka jeli kifuani. Haiumi. Mimi nilienda. Aota yangu iko sawa.

Lakini kuna kijana mmoja kwetu, miaka 19, futi 6 na inchi 3, anacheza vikapu kama amezaliwa uwanjani, na amehepa hiyo miadi mara tatu. Anajua nasema nani. Najua unaogopa watakuambia uache mpira. Mimi pia naogopa. Lakini usiku ule tulikuwa wawili kwenye ile nyumba, wewe na mimi, na sote tulisikia Baba akiita. Sitaki kusimama mlangoni tena.

Jumanne, saa mbili asubuhi. Nauli nimetuma. Vaa fulana inayovuka kichwa haraka, na uwahi.